Sala Fupi na Besi wa Kuegemea

*Maneno yaliyosemwa na mwanakwaya wa sauti ya nne katika mkesha wa jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu, Tuwan, Kitale, 2025*



Padre wetu, masista, makatekista, wazee wa baraza la parokia, wanakwaya wenzangu wa leo na wa zamani, na ninyi wageni wetu mliopanda matatu kutoka Bungoma mkafika na mvua hii: karibuni sana, na poleni kwa matope. Tuwan ni Tuwan.

Mwenyekiti wa kwaya aliniambia nizungumze dakika kumi na tano kuhusu "Mwanakwaya na Sakramenti". Nilimjibu kwamba mimi si katekista. Sakramenti ninayoweza kuizungumzia bila kusoma karatasi ni moja tu, nayo naijua kwa sababu niliikimbia miaka kumi na sita. Akasema, basi hiyo hiyo.

Mwaka huu tuna jubilei mbili. Ya kwanza ni yetu. Kwaya hii ilianza mwaka 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, miaka miwili baada ya Jimbo letu la Kitale kumegwa kutoka Eldoret mwaka 1998. Ya pili ni ya Kanisa lote, ile ya Mahujaji wa Matumaini. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, yeye akatutoka mwezi wa Aprili, na Papa Leo XIV akaiendeleza. Padre alipotusomea masharti ya kupata rehema kamili, alitaja kuungama, kupokea Komunio, na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Alipotamka neno kuungama, mimi sikumwangalia padre. Nilitazama safu ya besi. Niliona macho mawili matatu yakiteremka chini. Nayafahamu macho hayo, yalikuwa yangu.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Niliungama mara ya kwanza mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi, kule nyumbani upande wa Bungoma. Wakati huo hata Jimbo la Bungoma lilikuwa halijazaliwa, tulikuwa chini ya Kakamega. Tulifundishwa sala za matendo, yaani ya imani, ya matumaini, ya mapendo na ya kutubu. Hizi tatu za kwanza nilizishika. Ya kutubu ilinishinda. Ni sala fupi, mnaijua, mtu anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa hata kidogo. Lakini ina neno "ndiwe" mara mbili, na mimi nilikuwa nikifika kwenye "ndiwe" ya kwanza naruka hadi ya pili, kama mwimbaji anayefungua kurasa mbili kwa pamoja. Halafu kuna ulimi. Sisi Wabukusu mnatujua, herufi B ikisimama peke yake inatusumbua, na mtoto wa kijijini akisema "nimetubu" wenzake walisikia "nimetupu". Darasa zima lilikuwa likicheka. Mtoto akichekwa kwenye neno la kwanza kabisa la maana, hayo yanayofuata atayakumbukaje?

Siku yenyewe nikapanga foleni. Nikapiga magoti, nikataja dhambi zangu, ambazo zilikuwa ni kuiba sukari na kumpiga ndugu yangu mdogo. Padre akaniambia nisali sala ya kutubu. Nikaanza. Nikaruka "ndiwe". Nikarudi nyuma, nikaruka tena. Mara ya tatu nikanyamaza. Padre yule, Mungu amrehemu, alikuwa na watoto wengi siku hiyo na jua lilikuwa kali. Akasema kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia: toka nje ukajifunze, kisha urudi.

Neno la mwisho la sala yenyewe kabla ya Amina ni hilo hilo, kurudi. Leo najua kwamba maana yake pale ni kujirudi, kuacha njia mbaya. Lakini mimi wa miaka kumi niliunganisha vitu viwili. Niliona kama sala yenyewe ilikuwa imeandikwa kwamba nitafukuzwa na kuambiwa nirudi.

Jumamosi iliyofuata padre mwingine alinitangulia neno kwa neno nikimfuata, nikapokea Komunio ya kwanza pamoja na wenzangu. Mwaka 1988 nikapata Kipaimara. Siku ya kuungama kwa ajili ya Kipaimara tulikuwa wengi, tukasali sala ya kutubu wote kwa pamoja kanisani, halafu mmoja mmoja akaenda kwa padre kutaja dhambi na kupewa maondoleo. Nilichezesha midomo na wenzangu, na hakuna aliyejua. Baada ya hapo sikurudi tena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipokuwa mkubwa. Mwaka huo huo wa 1988 ndio nilitahiriwa. Kwetu tohara ni Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Nilizunguka na kengele zangu, chinyimba, kwa wajomba na mashangazi kuwaalika, nikiimba njia nzima. Nyimba zile zina maneno mengi kuliko sala ya kutubu mara kumi, na hakuna aliyenifundisha nikiwa nimekaa kwenye benchi. Niliziokota njiani. Alfajiri ya siku yenyewe, natoka mtoni nimepakwa matope, watu wanaimba sioyaye, sikukosea hata neno moja. Kichwa changu hakikuwa kibovu, basi. Hata baadaye hapa Tuwan, wenzangu wa mwanzo watakumbuka, tulipojifunza Haleluya ya Handel kwa ajili ya Pasaka, nilikuwa wa kwanza kwenye besi kuweka karatasi chini.

Nilijiunga na kwaya hii mwaka wake wa kwanza. Nilikuwa nimekuja Kitale kutafuta kazi ya ujenzi. Na hapa nataka niseme jambo ambalo wanakwaya tunalijua na hatulisemi. Wimbo wa Komunio ni kichaka kizuri sana cha kujificha. Waumini wote wanasimama na kwenda mbele, na anayebaki kwenye benchi anaonekana. Lakini mwanakwaya anayeimba, nani atamuuliza? Nilijitolea kupiga ngoma wakati wa Komunio. Nikajitolea kushikilia besi wengine wakienda kupokea. Watu wakasema, huyu kijana ana moyo wa kujitoa! Padre mmoja alinisifu hadharani. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikashindwa kula.

Miaka minne nilipiga ngoma hivyo.

Mwaka 2004 nikawa najiandaa kufunga ndoa. Mke wangu yupo pale kwenye sauti ya kwanza, ananitazama kwa sababu sehemu hii hajawahi kuisikia yote. Tulipomaliza mafundisho ya ndoa, tuliambiwa kwamba Ijumaa kabla ya arusi kila mmoja ataungama. Wiki mbili zilibaki. Nguo zilikuwa tayari, mahari imeshasemwa, wazee wa kwetu wameshajipanga kuja. Nami usiku nilikuwa naamka nimelowa jasho kwa ajili ya sala ambayo mtoto wa darasa la nne anaijua.

Nilijaribu kila njia. Niliiandika kwenye mfuko wa simiti nikaubandika ukutani. Niliandika kwenye kiganja kwa kalamu, lakini mjenzi akishika udongo dakika tano maandishi yamekwisha. Niliisoma usiku mara ishirini, asubuhi naisema vizuri, mtu akiingia tu nyumbani, imepotea. Ndipo nikaenda kwa katekista wetu wa wakati ule, mzee ambaye sasa ni marehemu. Nilimkuta akinoa jembe. Nikamweleza kwa aibu.

Hakucheka. Aliendelea kunoa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, sala huijui, au hujui kuisema peke yako?"

Nilikaa kimya. Akaniuliza tena, "Ukiwa kanisani na wengine, inatoka?" Nikasema ndiyo, inatoka yote. Akasema, "Basi wewe ni besi wa kuegemea."

Wanakwaya mnajua besi wa kuegemea ni nani. Ni yule anayeimba vizuri kabisa akiwa amesimama karibu na besi mwingine anayejua. Mwondoe yule wa pembeni, na huyu anapotea au anahamia sauti ya kwanza. Hajui sauti yake, anajua sikio lake. Mwalimu wa kwaya anaweza kukaa naye miaka mitano bila kugundua. Hugundua siku moja tu, mwenzake akiwa na mafua.

Ndivyo nilivyojifunza sala ile. Tulifundishwa kwa kuitikia pamoja, watoto arobaini kwa sauti moja, na kila mmoja akiegemea wenzake. Hakuna siku niliyoisema peke yangu kabla ya siku ile ya foleni. Na mahali pa kuisema peke yako ni pagumu kuliko pote. Hakuna ngoma, hakuna tuni. Umetoka tu kutaja mambo ambayo hujawahi kumtajia mtu, moyo unadunda, halafu unaambiwa sasa sali. Ni kama kumwambia mtu aliyetoka kukimbizwa na ng'ombe aimbe noti ya juu.

Mzee akanifundisha kwa njia yake. Aliniambia niache kuhesabu maneno, nishike pumzi tano. Pumzi ya kwanza unamwita Mungu na kumwambia kwamba umetubu. Ya pili unamwambia sababu, kwamba yeye ni mwema na anapendeza, na hapo ndipo "ndiwe" zote mbili zinakaa, kama mapacha kwenye kitanda kimoja. Ya tatu unakubali kwamba dhambi inamchukiza. Ya nne unaamua kwamba hutaki tena. Ya tano unaahidi kufanya kitubio na kuomba neema ya kujirudi. Akasema, ukijua unaenda wapi, hata ukijikwaa kwenye neno utainuka upande ule ule. Mtu anayepotea kabisa ni yule aliyekariri mawe ya njia bila kujua njia inaenda sokoni au mtoni.

Halafu akanilazimisha nimsemee peke yangu, yeye akinoa jembe lake kwa kelele makusudi. Mara saba. Ilitoka.

Ijumaa ikafika. Nikaingia. Nikataja dhambi za miaka kumi na sita, sitawatajia ninyi. Padre akasema, sasa sala ya kutubu. Nikavuta pumzi ya kwanza. Ya pili... na mapacha wangu wakatoroka kitandani! Nikanyamaza. Nikamwona yule mtoto wa miaka kumi akisimama kutoka nje.

Padre yule hakuwa mtu wa kwetu, na Kibukusu hakujua. Alingoja. Akangoja tena. Kisha akasema polepole, mwambie Mungu kwa lugha ya mama yako unachojutia, mimi si lazima nielewe. Nikaanza, "Wele...", na baada ya neno hilo sikumbuki nilisema nini. Najua tu kwamba nilizungumza kwa muda mrefu kuliko sala yenyewe, na kwamba nilitaja jina la mama. Padre akanipa maondoleo. Nilipotoka na kufika kwenye benchi ya kwaya, sala ya kutubu ikaja yote kichwani, kutoka mwanzo hadi Amina, bila kukosa neno! Shetani naye ana utani.

Nilipoambiwa nitazungumza leo, nilimwomba padre wetu anieleze kama siku ile padre yule alinionea huruma tu au alifuata sheria. Alinifungulia vitabu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulisema kwamba yanayotakiwa kwa mwenye kutubu ni majuto, maungamo na malipizi. Majuto yametajwa kwanza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata mafundisho hayo na kueleza kwamba majuto ni uchungu wa roho na kuchukia dhambi, pamoja na nia ya kutoirudia. Na Utaratibu wa Kitubio uliotolewa Roma mwezi wa Desemba 1973 unaweka sala kadhaa za kuchagua, nyingine fupi kama ile ya mtoza ushuru aliyesimama mbali, na unamruhusu mtu kutumia maneno yake mwenyewe. Kisha padre akanionyesha kanuni ya 990 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983: mtu anaweza hata kuungama kwa kutumia mkalimani, mradi makwazo yaepukwe. Kumbe mlango ulikuwa mpana hivyo, nami nilisimama nje miaka kumi na sita kwa ajili ya "ndiwe" moja.

Mkitaka mtakatifu wa kumwomba kwa jambo hili, yupo Yohane Maria Vianney wa Ars, kule Ufaransa. Kilatini kilimshinda seminarini, walimu wakakata tamaa naye. Alipata upadrisho mwaka 1815 kwa shida. Baadaye watu walimfuata kwa maelfu, akakaa kiti cha maungamo hata saa kumi na sita kwa siku. Huwa nafikiri kwamba aliyewahi kusahau mbele ya mwalimu alijua kumngoja aliyesahau mbele yake.

Sasa kuna mwenzangu wa sauti ya tatu aliniuliza juzi, kama maneno yako yanatosha, kwa nini tuwasumbue watoto wa Utoto Mtakatifu kukariri? Ni swali zuri. Nitamjibu kwa mambo ya mwaka 2020.

Mnakumbuka mwezi wa Machi mwaka ule. Makanisa yalifungwa. Tarehe 20 Machi Papa Fransisko, akihubiri asubuhi, aliwaambia watu wasioweza kumpata padre wazungumze na Mungu moja kwa moja, wasali sala ya kutubu kwa moyo wote, na waahidi kwamba wataungama mara nafasi itakapopatikana. Yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ilikuwa watu mia moja kwa misa, kwa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 waliambiwa wakae nyumbani. Besi wetu wawili wazee walikuwa wakisimama nje ya ua kusikiliza.

Mama yangu alikuwa kijijini, upande wa Bungoma, amevuka miaka 58 zamani. Usiku mmoja wa Mei dada yangu alinipigia kwamba mama amebanwa kifua na hawezi kulala. Kulikuwa na kafyu, hakuna gari, hakuna padre. Dada akaweka simu karibu na mto. Mama hakuniuliza habari za watoto. Alisema tu, "Tusali ile."

Alianza mwenyewe. Mama hakujua kusoma, alijifunza sala zote kwa masikio, kabla mimi sijazaliwa. Alisema pumzi ya kwanza. Alisema ya pili, mapacha wote wawili mahali pao. Kwenye ya tatu, pumzi yake halisi ikakatika. Nilisikia tu mluzi wa kifua.

Ndugu zangu, saa ile sikuwa na maneno yangu mwenyewe. Ningetafuta Kibukusu, ningelia tu. Sala ilitoka, nikaipokea pale alipoiachia, ya tatu, ya nne, ya tano, peke yangu gizani, na sikukosea. Mama akasema Amina.

Alipona usiku ule. Alikaa hadi Septemba, padre akafika, akaungama, akapakwa mafuta, kisha akatuaga.

Kwa hiyo mwenzangu wa sauti ya tatu, mimi nafundisha watoto wakariri. Lakini siwafundishi kama nilivyofundishwa. Kila mtoto anaisema peke yake mbele yangu angalau mara moja kabla ya kwenda kwa padre, na wengine wanatumwa nje wacheze ili asichekwe. Akikwama simtangulii haraka, nangoja. Na kwa B ya Kibukusu hakuna anayerekebishwa, Mungu amezisikia siku nyingi. Wengine wenu mmependekeza tuitungie tuni. Samahani, hapo sikubaliani nanyi. Nimeona watoto wanaojua sala kwa tuni, ukiwaondolea tuni wanapotea. Kwenye kiti cha maungamo hakuna kinanda.

Padre wetu amekubali kukaa leo baada ya mkesha huu hadi saa nne usiku, na kesho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kabla ya misa ya jubilei. Padre mgeni kutoka Bungoma atakaa upande wa sakristia. Sala ya kutubu imechapishwa nyuma ya kijitabu hiki kwa herufi kubwa, mnaweza kuingia nacho, hakuna atakayewanyang'anya. Kuhusu wimbo wa Komunio wa kesho, nimeongea na mwalimu wa kwaya. Ngoma itapigwa na vijana waliokwisha pokea, na besi wote tutakwenda mbele kwa zamu, safu ya nyuma ikianza.